Chuma cha Kuokota

Ndugu zangu wa pwani, msinicheke nikiwaambia kwamba chusa zuri kuliko yote niliyopata kuyafua nililifua bara, mahali ambapo bahari haijulikani ila kwa khabari za wasafiri. Mahali penyewe ni Magole, katika wilaya ya Kilosa, kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, karibu na Dumila ambako njia ya Kilosa huachana na barabara hiyo. Mimi ni mtu wa Pangani. Nilikwenda Magole kijana, kumshikia mtu duka kwa mwaka mmoja, nikaoa huko, na mwaka ule mmoja mpaka leo haujaisha.

Kazi ya chuma nilijifunza kabla ya kazi ya duka. Mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mhunzi wa misumari ya majahazi, nami tangu utotoni ndimi niliyemvukutia moto. Makofi niliyopigwa kwa kuuacha moto upoe si haba. Lakini nilitoka kwake nikijua kuisoma rangi ya chuma kama wenzangu walivyojua kuisoma Juzuu Amma, na hilo ni jambo mtu halisahau hata akikaa miaka 30 akipima sukari.

Basi nataka kuwaeleza juu ya chusa hilo na juu ya chuma chake, kwani chuma chenyewe hakikuwa changu.

Mwezi wa Januari 2014 mvua kubwa ilinyesha, mto Mkundi ukavunja kingo zake, maji yakaingia Magole na Dumila na vijiji vya jirani. Barabara kuu ilikatika pale darajani, magari ya mizigo yakapanga mstari huku na huku. Waliopoteza nyumba wakawekwa katika mahema. Maji yale, mjue, humalizikia kwenu, kwani Mkundi huishia katika Wami, na Wami hutoka baharini huko upande wa Saadani. Huenda vyombo vya watu wa Magole vilipita mbele ya macho ya wavuvi wenu. Nyumba yangu iko juu kidogo, maji yalifika kizingitini yakarudi. Alhamdulillahi. Nilitoa unga, nilitoa mablanketi mawili, nikajiona nimetimiza haki ya jirani.

Maji yalipopungua yaliacha madimbwi kila mahali, katika mashimo ya matofali, katika mifereji ya mashamba, chini ya magugu, na ndani ya madimbwi hayo walibaki kambare. Samaki huyu nyinyi wa bahari hamna khabari zake sana. Hana magamba, ana sharubu kama paka, kichwa chake kigumu kama jiwe, na Mwenyezi Mungu amempa uwezo wa kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo hukaa katika tope ambamo samaki mwingine angekufa zamani. Wako watu wa kwetu wanaomwonea kinyaa, na wengine hata humharimisha kwa sababu ya kukosa magamba. Kwa sisi wafuasi wa Imamu Shafi hakuna neno, samaki ni samaki. Na anayemharimisha angekuja Magole mwezi ule, aone watoto wanavyokula ugali kwa chumvi.

Vijana wa hapo walikuwa wakiwachoma kambare kwa vijiti vilivyochongwa, au kwa spoku za baiskeli zilizofungwa juu ya ufito. Kijana wangu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 13, alikwenda nao siku mbili akarudi amenuna. Aliwachoma wanne na wote wanne walichomoka. Samaki huyu huteleza kama sabuni, na kitu kilichonyooka, vile kilivyomwingia ndivyo kinavyomtoka. Siku ya tatu mmoja wao alionekana anaelea tumbo juu, amekwisha kunuka, na tundu la spoku ubavuni.

Nikamwambia kuwa jambo hilo si zuri. Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha kufanya wema katika kila kitu, hata katika kuchinja, kwamba kisu kinolewe na mnyama asiteswe. Samaki hachinjwi, ni kweli, lakini hilo halikupi rukhusa ya kumtoboa kiumbe wa Mungu ukamwacha afe pole pole gizani, tena bila ya mtu kumla. Atakaye kuvua kwa mkuki na awe na kigumba, yaani ule mwiba wa nyuma unaokataa kurudi. Kigumba kikiwa kizuri, samaki ni wako au hukumgusa.

Akanijibu, "Basi baba, nifulie wewe."

Baada ya siku mbili akaja na chuma. Kilikuwa kipande cha nondo, urefu wake dhiraa moja na kitu, unene wake kama kidole changu cha shahada. Kilikuwa na matope, na chini ya matope rangi ya buluu. Nikakichukua, nikakipima mkononi, nikaenda nacho kwa jirani yangu mzee, Mkaguru mmoja fundi wa majembe na visu, ambaye sote twamwita Babu. Fuawe yake ni kipande cha reli kilichopigiliwa juu ya gogo, na mvukuto wake ni feni inayozungushwa kwa ringi ya baiskeli. Mjomba wangu angeicheka feni ile, lakini moto wake ulikuwa mzuri kuliko wetu.

Nilipokitia chuma motoni, rangi ilianza kuchemka na kutoa moshi. Ilikuwa rangi ya mafuta, ile ya kupakia madirisha. Babu akakohoa, akasema, "Hiki kilikuwa dirishani."

Nikasema, "Kimeokotwa mtoni."

Akasema, "Siku hizi hapa kila kitu kimeokotwa mtoni," akaendelea kuzungusha ringi yake.

Wallahi, ndugu zangu, wakati ule nilijua. Sitaki kujipamba mbele yenu. Pua yangu ilijua, na akili yangu nayo ilikuwa njiani inakuja, nami nikaifungia mlango. Kijana wangu alikuwa amesimama karibu na fuawe ananitazama mikono, vile mimi nilivyokuwa nikiitazama mikono ya mjomba, na katika miaka yake 13 hakupata kunitazama hivyo dukani. Nikanyanyua nyundo.

Nitawaeleza kazi yenyewe, kwani wengi wenu mna watoto, na kazi ya mkono haina hasara. Nondo ni chuma laini. Watu hudhani kila chuma kikitiwa majini kikiwa chekundu huwa kigumu, na sivyo. Springi ya gari ndiyo inayogeuka ngumu, hata ikavunjika kama kigae ikiwa hujui kuirudisha motoni. Nondo hata uitie maji mara mia itabaki nondo. Kwa kisu hiyo ni kasoro, ama kwa mkuki wa samaki ni kheri, kwa sababu ncha ikigonga jiwe hupinda tu, nawe ukaigonga ikanyooka, ukaipiga tupa, ukaendelea na safari yako.

Nilikata kipande cha shubiri moja na nusu. Nikakipasha mpaka kikawa na rangi ya chungwa lililoiva, nikakivuta ncha kwa nyundo huku nikikigeuza robo kila baada ya pigo, kiwe na pembe nne kwanza, kisha nne ziwe nane, na mviringo uje mwisho. Mwenye haraka ya mviringo tangu mwanzo hukipasua chuma chake katikati, na mpasuko wenyewe hauonekani mpaka siku ya kazi. Upande wa pili niliufanya mkia mwembamba wa kuingia ndani ya mti.

Kisha kigumba, na hapa ndipo penye ufundi wote. Chuma kikiwa chekundu hulazwa juu ya fuawe, na tindo huwekwa kwa mshazari, makali yake yakielekea kwenye ncha. Hupigwa pigo moja la moyo, halafu jingine dogo, mpaka kipande chembamba kiinuke kama mwiba wa mchongoma, kimeshikwa mbele na kiko wazi nyuma. Ukikata zaidi ya theluthi ya unene, ncha itabakia ndani ya samaki wa kwanza. Ukikata kidogo mno, mwiba utalala, na kazi yako ni bure. Nilitia viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto, lakini si mahali pamoja. Kimoja kilitangulia kwa upana wa vidole viwili ili chuma kisidhoofike. Nilimpa kijana tindo akakiinua kile cha pili kwa mkono wake. Kilikaa upande kidogo. Sikukisahihisha.

Tukaketi kivulini kupiga tupa, nami nikiwa katika furaha kubwa. Nikamweleza kwamba chuma kimetajwa katika Kurani hata ikawako sura inayoitwa kwa jina lake, na kwamba Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma Nabii Daud (A.S.), naye akawa anakula kwa kazi ya mkono wake ingawa alikuwa mfalme. Ndiyo maneno niliyokuwa nikiyasema! Nimepakata chuma cha mtu mapajani, ninamtaja Nabii Daud.

Kijana akasikiliza, kisha akauliza, bila ya ubaya wowote, "Na hicho chuma alikuwa akikipata wapi?"

Tupa ikasimama mkononi. Sikuwa na jibu la Nabii Daud, na lile langu nililikuwa nalo muda wote. Nikamwuliza, "Wewe hiki ulikipata wapi khasa?"

Akasema alikikuta mchangani, chini ya mti ulioanguka, pale chini zilipokuwa nyumba.

"Unajua ni cha nani?"

Akainama. Naye alijua. Nyumba ya madirisha ya buluu pale chini ilikuwa moja tu, ya mama mmoja mjane aliyekuwa akiuza maandazi, na akiyauzia dirishani hapo hapo, watu tumesimama nje. Nondo zile nimepata kuziegemea asubuhi nyingi nikingoja chenji yangu. Na sasa mama yule alikuwa hemani.

Usiku nilikwenda kwa mwalimu wa madrasa. Nilikwenda, nakiri, nikitumaini atanipa njia nyembamba ya kupitia. Nikamkumbusha ile khabari ya Mtume (S.A.W.) na tende aliyoikuta njiani, kwamba kilichomzuia kuila kilikuwa khofu ya kuwa ni ya sadaka, na nikasema kuwa kipande cha nondo ni kitu hafifu. Mwalimu akacheka. Akasema tende ile haikuwa na mwenyewe anayejulikana, na mafuriko huhamisha vitu, hayahamishi milki. Kitu cha kuokota hutangazwa mwaka mzima kwa sababu mwenyewe hajulikani. "Sasa wewe," akasema, "utatangaza nini, na mwenyewe unamjua mpaka bei ya maandazi yake?"

Asubuhi tukaenda, mimi na kijana, na chusa tumelifunga katika gazeti. Mama alikuwa ameketi mbele ya hema akichambua mchele wa msaada. Kijana akamwamkia, akaitikia. Nikamweleza. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi mazuri, yakanipotea yote, nikasema tu kwamba kijana aliokota nondo ya dirisha lake, na mimi nimeifua.

Akafungua gazeti. Akaligeuza chusa, akagusa vigumba kwa kidole gumba, kimoja baada ya kingine. "Zilikuwa 12," akasema. "Marehemu alikuwa akizinunua mbili mbili, kila tulipovuna."

Nikamwambia nimekuja kulipa.

"Utalipa nondo, au dirisha, au nyumba?"

Nikanyamaza. Kisha nikamwomba anihalalishie. Akaendelea kuchambua mchele wake kwa muda, akatupa chuya mbili, akasema, "Chuma nimekusamehe. Chuma ni chuma. Lakini wewe ulikuwa ukila maandazi yangu pale dirishani, na nondo ile uliijua, na ulijua mimi nimelala wapi. Hilo sijui." Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira ingekuwa nafuu kwangu, kwani mwenye hasira hupoa.

Halafu akamgeukia kijana. "Na wewe mwanangu, macho yako mazuri. Moja umeiona. Kumi na moja ziko wapi?"

Kijana akasema hajui.

"Basi nenda ukazitafute." Akamrudishia chusa. "Hili lichukue ukatafutie. Samaki baadaye."

Ndivyo chusa langu lilivyoanza kazi, katika mchanga mkavu. Tulilitia katika ufito wa mkole, mkia wake ukiwa wa moto ili ujichomee njia, tukaufunga kwa waya. Kila siku alipotoka shule kijana alikwenda chini akawa anachoma mchanga hatua kwa hatua, na mimi nikifunga duka mapema nilikwenda naye. Mchanga una lugha yake. Mzizi huishika ncha, jiwe huirudisha kwa mlio mfupi, na chuma hulia mpaka kiganjani. Vigumba nilivyovifua kwa ajili ya kambare vilileta juu vipande vya kanga, kamba za katani, wavu wa kitanda, na siku moja kiatu cha mtoto mchanga, ambacho kijana alikishika muda mrefu asiseme neno.

Vitu vikawa vingi. Sufuria mbili, ekseli ya baiskeli, mguu wa cherehani, bawaba za mlango. Mwalimu akasema tuviweke barazani msikitini, na kila Ijumaa baada ya Sala vikatangazwa. Vingine vilipata wenyewe. Mwenye cherehani alikuja akauchukua mguu ule mmoja akaenda nao, na cherehani yenyewe hakuwa nayo. Vijana wengine walipoona, wakaja na fito zao kusaidia, nusu kwa thawabu na nusu kwa mchezo. Wako pia watu waliotucheka, na mmoja akaniambia kwamba najifanya walii kwa nondo ya shilingi elfu chache. Sikumjibu, kwa sababu alikuwa karibu sana na kweli. Katika siku zile nilikuwa nimeanza kuona raha ya kuonekana.

Mpaka mvua za masika ziliporudi tulikuwa tumepata nondo tano. Tatu zilikuwa zimepinda kama mundu. Nilizinyoosha kwa Babu, moto mdogo, ili rangi isiungue yote, na Babu hakutaka malipo. Sita hazikupatikana. Nadhani ziko njiani kuja kwenu. Hizo tano ziko leo katika nyumba aliyoijenga mwaka 2015, mahali pa juu, na dirisha lake ni dogo kwa sababu alilipima kwa nondo alizonazo. Maandazi yanauzwa hapo hapo, na mimi hununua. Siegemei.

Ama chusa, siku tulipompelekea ile nondo ya tano, na mvua imekwisha kuanza, alimwambia kijana kuwa kazi imetosha na chusa sasa ni lake, ni ujira wake. Jioni ile ile kijana akaenda penye dimbwi la matofali. Ncha ilikuwa butu kwa mchanga, nikainoa kwanza. Alisimama ndani ya maji mpaka magotini, kimya, mpaka niliposikia adhana ya Magharibi kwa mbali na kutaka kumwita. Akachoma mara moja. Ufito ukatetemeka, ukapiga maji kulia na kushoto, na haukuchomoka. Kigumba kilichoshika ni kile cha pili, kilichokaa upande.

Alikuwa kambare mkubwa, kama mkono wa mtu mzima. Baada ya Sala kijana akambeba mpaka kwa mama yule, nami nikamfuata nyuma na nazi mbili nilizoletewa kutoka Pangani. Mama akampokea samaki, akamsugua kwa majivu kutoa utelezi, akamkata vipande, akapika. Tulikula naye nje ya hema kwa mwanga wa kibatari. Lile neno nililokuwa nikilingoja sikumwuliza tena, naye hakulitaja. Kijana alipokuwa akinawa mikono akamwuliza kama kesho alete mwingine. Akasema alete, lakini awe mdogo kuliko huyu, kwani sufuria yake ni moja.